Flaibeki au hafubriji? Nimesuka transfoma zote mbili hapa Tanga, soma kabla hujafungua kiini

Wakuu, hili swali naulizwa karibu kila wiki hapa kibandani Ngamiani, mtu anakuja na mzoga wa pawa sapulai mkononi, fundi nataka nisuke transfoma mwenyewe nipate chaja ya volti 12, sasa nifanye flaibeki au hafubriji (ndo njia mbili za kuendesha transfoma ndogo ya chaja)? Zamani nilikuwa najibu fasta tu, angalia wati. Siku hizi nauliza kwanza: una mita ya kupimia indaktansi, yaani uwezo wa koili kuhifadhi nishati ya sumaku? Akisema hana, nusu ya jibu ishapatikana hapo hapo, na huko mbele mtaona kwa nini.

Kwanza tuwekane sawa kwa wale mliozoea transfoma za chuma. Ile nzito ya hezi 50, yenye kiini cha sentimita za mraba 10, ukiiendesha kwenye tesla 1.2 hesabu inakupa raundi kama 860 za praimari (koili ya kuingizia umeme) kwa volti 230. Pandisha masafa mpaka kilohezi 50, tumia feraiti (kile kiini cheusi kigumu kama kigae), raundi zinashuka mpaka 40 hivi na kiini chenyewe kina sentimita ya mraba moja na robo tu. Uzito wote ule umeondoka kwa sababu moja, kila raundi inabeba volti kulingana na eneo la kiini na kasi ya sumaku kubadilika, kwaiyo ukiongeza kasi unapunguza shaba na chuma. Ila feraiti ina roho nyepesi. Chuma kinafika tesla moja na nusu na zaidi ndo kinajaa, feraiti aina ya PC40 au N87 inajaa kwenye 0.5 hivi ikiwa baridi, na ikifika nyuzi joto 100 inabaki 0.39 tu. Ikishajaa praimari inageuka waya mtupu, mosfeti (swichi ya elektroniki inayoiwasha na kuizima praimari) inaona shoti, na mnajua wenyewe mosfeti ikiona shoti kwenye volti 325, yaani umeme wa ukutani ukishageuzwa DC, inafanya nini.

Sasa hizo mbili zinatofautianaje? Flaibeki ni kuchota maji kwa ndoo: mosfeti ikiwaka unajaza ndoo, ikizima unamwaga upande wa pili. Maji hayapiti moja kwa moja hata siku moja, lazima yakae kwenye ndoo kwanza. Na ndoo yenyewe ni ule uwazi mdogo kati ya vipande viwili vya feraiti, yaani gepu. Wengi wanadhani nishati inakaa kwenye feraiti, hapana, inakaa kwenye hewa ya gepu, feraiti inaonesha njia tu. Hafubriji ni mpira wa maji: unachosukuma praimari kinatoka sekondari (koili ya kutolea) muda uleule, hakuna cha kuhifadhi, kwaiyo gepu haitakiwi, na kiini kinatumika pande zote mbili, sumaku inakwenda kushoto inarudi kulia.

Nilivyojifunza tofauti hiyo ni kwa hasara. Kuna mzee mmoja wa Sahare ana boti ya dagaa, taa zake za ledi anawasha kwa betri ya volti 12 ya ampea-saa 100, akanijia asubuhi moja na baiskeli, betri imefungwa nyuma kwa mpira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Chaja niliyonunua inachaji kutwa nzima, usiku saa nane taa zishazima. Nitengenezee ya maana."

Nikampigia hesabu, volti 14.4 kwa ampea 10, wati 144. Nikasema flaibeki, kwa sababu ndo niliyokuwa naijua, mosfeti moja, dayodi moja, basi. Nikachomoa kiini kwenye sapulai mbovu ya kompyuta, nikasuka, nikafunga vipande vimebanana vizuri kabisa bila gepu maana niliona ndo ufundi kubana. Fyuzi haikuwahi hata kufanya kazi yake. Mosfeti ilipasuka kipande kikagonga bati la juu, UC3842, ile IC inayoendesha mosfeti, nayo ikaondoka. Nikaweka nyingine, sasa na gepu ya kukisia, haikupasuka ila ilikuwa inalia kama mbu na hitisinki huwezi kushika. Mzee alisubiri wiki mbili.

Sasa twende kwenye namba, nazichukua kazi mbili nilizozisuka kweli ili mlinganishe wenyewe.

Kazi ya kwanza: volti 12 ampea 5, wati 60, ya kamera na ruta

Hapa flaibeki ndo mahali pake. Umeme wetu unashuka, kwaiyo nimepigia hesabu volti 180 za ukutani, ukitoa mawimbi ya kapasita unabaki na kama volti 220 za DC. Masafa kilohezi 65, muda wa kuwaka asilimia 40. Kilele cha mkondo wa praimari kinakuja ampea 1.64, indaktansi inayotakiwa ni mikrohenri 826. Kiini ETD29, eneo lake milimita za mraba 76, nikiruhusu tesla 0.25 tu raundi zinatoka 71. Sekondari raundi 6, na koili ndogo ya kulisha IC raundi 7 inayotoa volti kama 14, maana UC3842 inataka 16 kuamka na ikishuka chini ya 10 inalala. Hiyo 16 ya kuamka inaletwa na risista kutoka kwenye volti kubwa, koili inaipokea ikishaamka.

Gepu ndo kipengele. Hesabu inasema milimita 0.58. Sasa kama husagi mguu wa kati wa kiini, unaweka kitu kati ya vipande vyote viwili, sumaku inavuka mara mbili, mguu wa kati mara moja na miguu ya pembeni mara moja, kwaiyo unaweka nusu, milimita 0.29. Karatasi ya kawaida ya A4 ya gramu 80 ina kama milimita 0.1. Karatasi tatu basi! Nakata vipande vidogo vya kuenea kwenye nyuso za feraiti, nabana kwa mpira wa baiskeli, nachomeka mita. Ikisoma juu ya 826 naongeza unene, ikisoma chini napunguza. Ila karatasi ni ya kupimia tu, usiiache humo, hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, karatasi inavimba na inaoza. Ukishajua unene unaweka plastiki ngumu au tepu ya joto yenye unene huohuo, afu unapima tena.

Mmeona sasa kwa nini nauliza mita? Kwenye flaibeki hiyo 826 ni roho ya mashine. Gepu ikiwa ndogo kiini kinajaa mapema, ikiwa kubwa indaktansi inashuka na kilele cha mkondo kinapanda, unachoma mosfeti kwa njia nyingine. Kwa macho huwezi kuona tofauti ya karatasi moja. Huna mita, usisuke flaibeki, nunua iliyosukwa tayari.

Kitu cha pili kinachoitesa flaibeki ni kilele cha sekondari. Ampea 5 unazotoa nje ni wastani, dayodi na waya zinaona kilele cha ampea 17 na kidogo, mara zaidi ya elfu 60 kwa sekunde. Ndo maana kapasita za upande wa pili zinavimba haraka kwenye hizi adapta za bei chee. Mkondo wa joto kwenye waya ni kama ampea 7.5, kwaiyo nilitumia nyuzi 12 za milimita 0.4 zilizosokotwa pamoja. Kwa nini nyuzi nyingi badala ya waya mmoja mnene? Umeme wa masafa makubwa unakimbilia ngozi ya waya, kwa kilohezi 65 unaingia ndani milimita 0.26 tu, kwaiyo waya wa milimita 1.5 katikati yake ni mzigo wa bure. Kanuni yangu waya usizidi unene wa mara mbili ya hiyo ngozi, yaani 0.5 basi.

Cha tatu ni uvujaji. Sumaku ya praimari isiyoshika sekondari inarudi kwa mosfeti kama mshale. Ukiupima ni rahisi, shotisha miguu ya sekondari, pima praimari, kinachobaki ndo uvujaji. Mara ya kwanza nilisuka praimari yote chini sekondari juu, nikapata mikrohenri 38. Nikafumua (kazi ya kuudhi hiyo), nikasuka nusu ya praimari, sekondari katikati, nusu nyingine juu, kama mkate na samli, ikashuka 13. Tofauti hiyo niliisikia kwa kidole kwenye risista ya snaba (sakiti ndogo inayomeza huo mshale), kutoka kuunguza mpaka vuguvugu. Hata hivyo mosfeti ya hapa weka ya volti 800, maana umeme ukipanda 265 una 375 za DC, jumlisha 150 zinazorudishwa na sekondari, jumlisha mshale wenyewe. Ya 600 itakufa siku ambayo hupo.

Kazi ya pili: volti 14.4 ampea 10, ile ya mzee

Ukiifanya kwa flaibeki kilele cha sekondari ni ampea 33 na zaidi. Kwa hafubriji ni 10 na ushee tu, kwa sababu nje kuna koili kubwa inayolainisha mkondo. Hapo tu palinitosha kuhama.

Hesabu yake fupi mpaka inafurahisha. Kapasita mbili zinagawa volti kati, praimari inaona nusu, kwa umeme wa juu kabisa ni volti 187. Kilohezi 50, kiini ETD39 chenye milimita za mraba 125, tesla 0.2 kila upande, unapata raundi 37.4. Nimeweka 40. Sekondari 7 na 7 na waya wa kutokea katikati. Nikajaribu kwa umeme mdogo kwenye karatasi, nusu ni volti 115, gawa kwa 40 zidisha kwa 7 unapata 20, toa muda wa kupumzika na dayodi unabaki na 16 na kidogo, inatosha kwa 14.4. Dayodi inaona kinyume volti 65 na mitikisiko yake, kwaiyo dayodi aina ya shotiki ya volti 100. Waya praimari nyuzi 3 za 0.4, sekondari nyuzi 12 za 0.4 kila upande. Mosfeti hazioni zaidi ya 375, hata IRF840 ya volti 500 inakaa bila wasiwasi.

Na indaktansi? Iwe mikrohenri elfu 3 au elfu 5, mashine haijali sana. Nyuso za feraiti ziwe safi, zibanane, basi. Siku moja kiini kilinivunjikia mguu, nikagundisha kwa supagluu, kinafanya kazi mpaka leo. Kwenye flaibeki huo ufa mdogo ungebadilisha gepu yote. Hii ndo sababu nasema kwa fundi asiye na vipimo hafubriji inasamehe zaidi, ingawa kila mtu mtandaoni atakwambia flaibeki ndo ya wanaoanza.

Inachodai hafubriji ni vitu vingi. Mosfeti mbili, IC ya kuziendesha TL494, transfoma ndogo ya kuendesha mageti (miguu ya kuwashia mosfeti), koili ya kutokea, na kapasita ya plastiki ya mikrofaradi 1 mfululizo na praimari ili sumaku isitembee upande mmoja ikajaa polepole. Mosfeti zote zikiwaka pamoja hata kidogo, kwaheri. Ila vitu hivyo karibu vyote vimo kwenye sapulai moja mbovu ya kompyuta ya zamani, TL494 au KA7500 imo, transfoma ya mageti imo, hata transfoma kubwa yenyewe nyingi nilizofungua zina praimari karibu 40 na upande wa volti 12 raundi 7. Ukiangalia namba zangu hapo juu utacheka, nimehangaika na kalamu kufika kulekule. Kwaiyo kabla ya kufumua, pima kwanza, pengine huna haja ya kusuka.

Mtego mmoja kwenye mizoga hiyo: ile ringi ya njano na nyeupe. Nimeona vijana wawili tofauti wameisukia transfoma kwa sababu ni nzuri kwa macho na haina gundi. Ile ni unga wa chuma, imetengenezwa kuhimili mkondo wa DC kwenye koili ya kutokea. Ukiifanya transfoma kwa kilohezi 50 inachemka mpaka rangi inanuka. Ringi za feraiti halisi zipo, kwa kawaida zimepakwa rangi moja tu au hazina rangi kabisa, na hizo ni nzuri kwa inveta ya betri ya pushpuli (mosfeti mbili zinazopokezana), uvujaji wake mdogo. Kwa kazi ya umeme wa ukutani sizipendi. Kusuka kwa mkono kupitia tundu ni adhabu, kutenganisha praimari na sekondari ni vigumu, na gepu huwezi kuweka, kwaiyo flaibeki isahau.

Kiini kikiwa na gundi usilazimishe kwa bisibisi, chemsha kwenye sufuria ya zamani robo saa au tumia blowa taratibu, ivute ikiwa ya moto na kitambaa. Joto la maji haliidhuru feraiti, inapoteza usumaku juu ya nyuzi 200 na inarudi ikipoa. Kinachoiua ni kuanguka sakafuni.

Mahali ambapo zote mbili zinalingana

Uzio kati ya praimari na sekondari, na hapa sina utani. Mzee wa Sahare anashika klipu za betri na mikono yenye maji ya bahari. Ukisuka waya mpaka ukingoni mwa bobini (kile kigurudumu cha plastiki cha kusukia), siku vanishi ikikwaruzika volti 325 zinakutana na mkono ule. Naacha milimita 3 za tepu kila upande, ukijumlisha njia inakuwa 6, na katikati tabaka tatu za tepu ya poliesta. Bobini ya ETD29 ina nafasi ya milimita 19 hivi, ukitoa 6 unabaki na 13, hapo ndo watu wanaona uchoyo wanaruka hatua. Kwa zile raundi 71 za nyuzi mbili za 0.3 zinaingia 18 kwa tabaka, tabaka mbili chini mbili juu, inatosha, kwaiyo hakuna kisingizio. Kama unapata waya wenye vazi tatu za plastiki utumie kwa sekondari uache tepu za pembeni. Mwisho vanishi, ikauke siku nzima, si kwa urembo bali kwa huu unyevu wetu.

Na zote mbili unaziwasha mara ya kwanza kupitia balbu ya kizamani ya wati 100 mfululizo. Balbu ikiwaka kidogo ikazima, endelea. Ikiwaka ikang'ang'ania, chomoa, subiri kapasita kubwa zishuke (pima, usikisie), ndo ushike.

Kwaiyo kwa mtu anayeniuliza leo: chini ya wati 70 na una mita, flaibeki, usijitese na mosfeti mbili. Juu ya 100, hafubriji, hata kama mita unayo. Katikati hapo, 70 mpaka 100, naangalia mzoga ulioko mezani. Kama ni adapta ya laptopu, nyingi ni flaibeki na kiini chake kina gepu tayari iliyosagwa kiwandani, nabadilisha sekondari tu kwa uwiano wa volti na gepu siigusi. Kama ni sapulai ya kompyuta ya zamani, hafubriji.

Chaja ya mzee ilimaliza mwaka wa pili juzi. Aliirudisha mara moja tu, feni imejaa magamba ya dagaa.